Habari ya Kadi na Mizani

Mwezi huu twataka kunena habari ambayo wengi wa upande wetu wa Mlima Meru, na wa mjini Arusha pia, huificha moyoni: habari ya mama aliyempeleka mtoto wake mizanini kwa furaha, akarudi nyumbani amefedheheka. Hatuineni kwa kusikia tu. Imeingia nyumbani mwetu, na sehemu ya kosa ilikuwa yetu wenyewe, kama mtakavyosoma.

Sisi twakaa juu kidogo ya Tengeru, mahali penye migomba na kahawa, na siku za gulio, yaani Jumatano na Jumamosi, twasikia makelele ya magari yashukayo sokoni. Mwana wetu hufanya kazi ya useremala mjini, karibu na soko la Kilombero, naye hurudi kwetu mwisho wa juma. Mkewe hufanya kazi katika shamba moja la maua upande wa Usa River. Mwezi wa Februari alijifungua mtoto wa kike, uzito wake kilo 3.1, mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Tukampikia mzazi mtori kama ilivyo desturi, tukamkataza kazi nzito, na mtoto akanyonya mpaka mashavu yakajaa.

Miezi ya kwanza mambo yalikwenda vema. Mwezi wa Aprili mizani ilisema kilo 4.9, na mwezi wa Mei 5.5. Kisha mstari katika kadi ukaanza kulala. Juni 5.7, Julai 5.9. Sisi hatukuona neno. Mtoto alicheka, alishika vidole vya babu yake, tena alilala usiku. Nasi tulidhani kulala ni dalili ya shibe. Lakini mwezi ule wa Julai, katika kliniki ambayo hatuna haja ya kuitaja, mwuguzi aliitazama kadi, akainua uso, akamwuliza mkwe wetu mbele ya akina mama wote waliokaa bencini: "Wewe mama, mtoto haongezeki. Unamlisha nini? Au umeshughulika na mambo yako?" Hakungoja jibu. Akaandika, akaita jina lingine.

Maneno yale yalikuwa machache. Walakini mwenyeji wa huku ajua ni neno gani hujificha nyuma ya maneno kama hayo. Mtoto akikonda, watu husema amebemendwa, yaani baba na mama wamekutana kabla ya wakati wake, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa, na jambo hilo limemdhuru mtoto anayenyonya. Kwa hiyo mwuguzi akisema "haongezeki", yeye amenena habari ya gramu. Lakini jirani aliyekaa bencini amesikia habari ya zinaa. Mtoto hajafika nyumbani mgongoni mwa mama yake, na neno limekwisha fika. Mwana wetu aliporudi Jumamosi ile aliona watu wawili sokoni wakinyamaza alipopita. Aliingia nyumbani na hasira, nayo ikamwangukia mkewe, ambaye alikuwa amekwisha lia siku tatu.

Mkwe wetu akatuambia, "Mama, baba, mimi sitakwenda tena. Nikienda nitaulizwa tena mbele ya watu." Nasi, badala ya kumshauri, tukakubaliana naye. Tukasema yule nesi ni mkali tu, na mizani yao ni mbovu, na watoto wa ukoo wetu ndivyo walivyo, hawana miili mikubwa. Ilikuwa rahisi kusema hivyo. Majuma matatu yakapita, na kadi ikakaa kabatini.

Hapa twataka kusimama kidogo juu ya neno hili la kubemenda, maana limewatesa wengi. Haliko tabibu awezaye kukuonyesha mtoto aliyekonda kwa sababu ya tendo la wazazi wake usiku. Lakini wazee hawakuwa wapumbavu. Waliona jambo la kweli, wakalipa sababu isiyo yake. Waliona kwamba mama akishika mimba nyingine upesi, mtoto wa kwanza huachishwa ziwa mapema, naye hudhoofu, huvimba miguu, hata hufa. Tabibu mmoja mwanamke, Cicely Williams, aliyefanya kazi katika nchi ya Ghana ya leo, aliona jambo hilo hilo kwa watu wa huko, na mwaka 1935 akalieneza kwa waganga wa dunia kwa jina la Kiga, kwashiorkor, ambalo ndilo neno la wenyeji kwa ugonjwa umpatao mtoto aliyeondolewa ziwani kwa ajili ya mdogo wake. Basi wazee wa huko na wazee wa huku walitazama mtoto mmoja. Kinachomdhuru ni ukosefu wa chakula, wala si dhambi. Na mama ambaye hana mimba, ambaye mumewe ni mwaminifu, ambaye ananyonyesha usiku na mchana, hana sababu ya kubeba aibu hiyo hata dakika moja. Mwalimu anayelisikia neno hili katika barazani pa shule na alikatae hapo hapo.

Turudi kwetu. Jioni moja alikuja jirani yetu, mama mstaafu aliyekuwa mwuguzi miaka mingi, kununua mayai. Tukampa chai. Mtoto alikuwa mapajani mwa bibi yake. Yule mama hakusema neno juu ya mwili wake. Aliomba tu kadi. Akaiweka mezani, akavaa miwani, akafuata mstari kwa kidole polepole, kama mtu asomaye barua ya mwanawe aliye mbali. Kisha akaweka kidole juu ya mwezi wa Mei, akamwuliza mkwe wetu kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mpaka hapa ulikuwa unapanda. Baada ya hapa ulilala. Ni kitu gani kilichobadilika nyumbani mwezi huu?"

Mkwe wetu akafikiri, akasema, "Nilirudi kazini."

"Na mchana mtoto anakula nini?"

"Nakamua maziwa asubuhi, naacha kikombe kimoja. Bibi yake humpa."

Hapo bibi ya mtoto alitazama chini, na babu yake akatazama mlango. Maana ukweli ni huu, na twauandika kwa sababu tumeazimia kuuandika: kikombe kile kiliisha saa nne asubuhi, na mtoto alipolia, sisi tulimpa uji mwembamba wa mahindi, na maji yenye sukari, wala hatukumwambia mama yake. Tuliogopa kumhuzunisha. Tena tulijisemea kwamba sisi tulilea watoto wetu hivyo na wote wako hai. Uji ule ulijaza tumbo kwa maji. Mama aliporudi jioni na maziwa yamejaa, mtoto alinyonya kidogo akalala. Na ziwa lisilonyonywa hupunguza maziwa yake. Ndivyo lilivyoumbwa, hutoa kadiri ya kunyonywa. Basi kila siku mtoto alinyonya pungufu, na kila siku maziwa yalipungua, nasi tulisema amelala kwa shibe.

Yule mama mstaafu hakutukaripia. Angetukaripia, yamkini tungejitetea. Alisema tu, "Basi tumejua. Kesho twende tukampime."

Kesho yake mtoto alipimwa mtupu, naye alikuwa na kilo 5.7. Mkwe wetu alishtuka, maana mwezi uliopita zilikuwa 5.9. Lakini kumbukeni baridi yetu ya Juni na Julai, ukungu ukishuka kutoka mlimani asubuhi hata mtu hauoni mgomba ulio mbele ya mlango. Mwezi wa Julai mtoto alikuwa amepimwa na sweta, kofia, soksi na nepi iliyolowa. Vitu hivyo vilikuwa vimeongeza gramu zisizokuwa za mwili wake. Sisi tuliilaumu mizani kwamba imetudhulumu, kumbe ilikuwa imetupendelea. Mtoto wa kike wa miezi sita kasoro, mwenye kilo 5.7, amefika ukingoni kabisa. Chini ya hapo huhesabiwa kuwa uzito wake ni pungufu. Yule mwuguzi wa kwanza alikosa adabu, lakini hakukosa hesabu.

Basi tumejifunza kwamba haya ni mambo mawili, nayo yafaa kutenganishwa: sauti iliyosema, na jambo lililosemwa. Mtu akiyachanganya, huitupa barua kwa sababu hakumpenda mwenye kuileta.

Wala hatusemi kwamba kila lawama ya kliniki ni ya haki. Si hivyo hata kidogo. Zamani michoro yenyewe ilikuwa na kosa. Kwa miaka mingi nchi nyingi zilitumia michoro iliyotolewa mwaka 1977 huko Marekani, na hesabu ya watoto wachanga ilitwaliwa kwa watoto wa mahali pamoja katika jimbo la Ohio, wengi wao wakinyweshwa maziwa ya chupa. Mtoto wa chupa na mtoto wa ziwa hawaongezeki sawasawa. Yule wa ziwa hupanda upesi miezi ya kwanza, kisha hupunguza mwendo. Kwa hiyo mtoto mzima anayenyonya vema, akifika miezi minne au mitano, alionekana katika mchoro ule kana kwamba anadhoofika, na mama yake akaambiwa kwamba maziwa yake hayatoshi. Ni akina mama wangapi walioachishwa kunyonyesha kwa sababu hiyo, hapana ajuaye. Shirika la Afya Duniani likaanza uchunguzi mpya mwaka 1997, ukaisha mwaka 2003, katika miji sita: Pelotas ya Brazili, Accra ya Ghana, Delhi ya India, Oslo ya Norwe, Maskati ya Omani, na Davis ya Marekani. Walipimwa watoto karibu 8,500 wa akina mama walionyonyesha na wasiovuta sigara. Michoro mipya ikatolewa mwaka 2006, nayo ndiyo kipimo cha sasa. Ajabu ni kwamba watoto wa Accra na wa Oslo na wa Maskati walikua karibu sawasawa. Kwa hiyo hata ule usemi wetu kwamba "ukoo wetu hauna miili mikubwa" haukuwa na nguvu tuliyodhani, angalau kwa mtoto mchanga.

Kwa michoro hiyo mtoto wa kike wa katikati huzaliwa na kilo 3.2, hufika 5.8 katika miezi mitatu, 7.3 katika miezi sita, na 8.9 akitimiza mwaka. Wa kiume humzidi kidogo. Tazameni basi: miezi mitatu ya kwanza huongeza zaidi ya kilo mbili na nusu, lakini miezi sita ya mwisho ya mwaka huongeza kilo moja na nusu na ushei tu. Mama asiyejua jambo hili hufadhaika bure mtoto anapopunguza mwendo. Vivyo hivyo juma la kwanza: mtoto mchanga hupoteza uzito, hata sehemu 7 au 10 katika 100, naye huurudisha kabla ya kutimiza majuma mawili. Na wako watoto wadogo kwa asili, waliozaliwa wadogo na wanaopanda polepole sambamba na mstari wao wenyewe. Hao hawana neno. La kutazamwa ni mwendo wa mstari kuliko mahali ulipo. Mtoto mdogo anayepanda ni afadhali kuliko mtoto mnene ambaye mstari wake umelala miezi miwili.

Kadi hii ya kupanda kwa mstari ilienezwa na tabibu Mwingereza, David Morley, aliyefanya kazi katika kijiji cha Imesi-Ile, Nigeria, miaka ya 1950. Jambo lake kubwa lilikuwa kwamba kadi isikae kabatini mwa hospitali. Mama aitunze nyumbani. Hakuitaka iwe hati ya mashtaka, bali mama aisome pamoja na mwuguzi. Twapenda mwalimu wa shule awafundishe wasichana na wavulana wa madarasa ya juu kuisoma kadi hiyo, kama awafundishavyo kusoma ramani. Ni kazi ya nusu saa, nao watakuwa wazazi kesho.

Mama akiambiwa neno zito, na aulize. Si kwa kiburi, wala kwa machozi akiweza kuyazuia. Yatosha kusema, "Dada, naomba unionyeshe mstari ulipinda mwezi gani." Swali hili humrudisha mwuguzi kwenye kadi, na kumwondoa kwenye tabia ya mama. Aombe pia mtoto avuliwe nguo zote, na mshale wa mizani uangaliwe kwanza kama umesimama penye sifuri. Mtoto aliyetoka kunyonya, au ambaye hajakojoa, hutofautiana gramu mia au zaidi. Kwa hiyo mwezi mmoja peke yake si ushuhuda mkubwa. Baba akiweza kufuatana na mkewe, aende. Tumeona kwamba lugha ya bencini hubadilika baba akiwapo, jambo ambalo si sifa kwa mtu yeyote, lakini ndivyo lilivyo.

Na ninyi wauguzi mnaosoma gazeti hili, twajua kazi yenu. Twajua foleni, na chumba kimoja, na kalamu iliyokwisha wino. Lakini mwuguzi mstaafu aliuliza maswali mawili tu, kwa muda wa dakika tatu, akapata sababu ambayo kemeo halikuipata.

Iko hatari nyingine inayotukimbiza kuandika. Mama aliyeaibishwa kliniki hutafuta msaada pengine, na pengine huko ni pabaya. Atakuja mtu aseme mtoto ana meno ya plastiki, na kwa msumari au kisu achokoe fizi za mtoto, atoe vijino vichanga vyeupe ambavyo ni meno ya kweli yasiyoota bado. Mwingine atasema kimeo kimekuwa kirefu, na kukikata. Watoto wamekufa kwa damu na kwa uchafu wa vyombo hivyo. Kwetu pia alikuja bibi mmoja mwenye nia njema, akatazama kinywa cha mtoto akatikisa kichwa. Tulimpa chai, hatukumpa mtoto.

Wengine hukimbilia maziwa ya kopo. Ziko sababu za kweli za kuyatumia, naye tabibu ataziona. Lakini hugharimu fedha nyingi, na mwenye fedha chache huyazimua kwa maji. Na maji yetu ya Meru ni jambo la peke yake. Mahali pengi huku, kama kule Maji ya Chai, yana floridi nyingi, ndiyo sababu ya meno ya kahawia ya watoto wetu, tena haiondoki kwa kuchemsha. Maziwa ya mama yana floridi kidogo sana hata mama akinywa maji hayo hayo.

Dalili zifuatazo hazingoji gulio wala mwisho wa mwezi: mtoto akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akiwa na homa au akipumua kwa shida, akilegea, akikojoa mara chache mno kwa siku, au miguu yote miwili ikivimba. Na mtoto aliyepita miezi sita, ambaye mkono wake wa juu ukizungushiwa utepe haufiki sentimeta 11.5, apelekwe hospitali siku ile ile.

Mtoto wetu alichunguzwa damu na mkojo, kisha kifua. Hakuonekana na ugonjwa. Ikabaki habari ya kazi. Yule mama mstaafu ndiye aliyetuambia ambalo hatukulijua, kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, pamoja na kumpa mzazi likizo ya siku 84 yenye malipo, au 100 akizaa zaidi ya mmoja, humpa mama anayenyonyesha ruhusa ya hata saa mbili kwa siku wakati wa kazi. Mkwe wetu aliogopa kulisema. Mumewe akaandika barua, kwa maneno ya heshima, akataja sheria kwa jina na mwaka wake. Msimamizi alisoma, akauliza mahali, akakubali baada ya siku nne.

Tangu hapo bibi ya mtoto alishuka naye kila siku saa tano, mtoto mgongoni, mpaka langoni pa shamba, na mama akamnyonyesha chini ya mti. Asubuhi alikamua vikombe viwili badala ya kimoja, naye mtoto akanywa kwa kikombe safi katika saa nne za kwanza, kabla ya maziwa kuharibika. Usiku alilala na mama yake akanyonya apendavyo. Uji tuliuacha mpaka alipotimiza miezi sita, ndipo tukauanza tena, lakini si ule wa maji. Tulipika mzito, tukatia maziwa na siagi kidogo au karanga zilizosagwa. Kisha ndizi za mtori na parachichi, ambalo huku kwetu huanguka chini likaliwa na mbuzi. Mwana wetu aliomba radhi kwa mkewe. Hayo walizungumza wenyewe, nasi hatukuuliza.

Mwezi wa Novemba, mtoto alipotimiza miezi tisa, ilimpasa kuchomwa sindano ya surua na rubela. Mkwe wetu alisema atakwenda kliniki ile ile ya kwanza, kwa kuwa ni karibu. Tukafuatana naye. Yule mwuguzi alikuwapo. Mtoto akavuliwa nguo zote, akaning'inizwa, akapiga kelele. Mizani ikasema kilo 7.2. Mwuguzi akatia nukta katika kadi, akafuata mstari kwa kalamu kutoka Agosti mpaka Novemba, akarudi tena Agosti. Akamwuliza mkwe wetu, "Hapa ulifanya nini?" Mkwe wetu akaketi kando yake akamweleza, na akina mama wa bencini wakasogea kusikiliza.